Ukaguzi wa majaribio ya dawa: tulinde mtu kwanza, karatasi baadaye

Makamanda, leo tuache kidogo habari za majukwaani. Nataka kuongelea majaribio ya dawa, maana wanaojaribiwa ni ndugu zetu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa karani wa muda kwenye jaribio moja la dawa ya minyoo, naingiza data kwenye kompyuta. Mkaguzi wa mfadhili alikuja na Land Cruiser, akakaa siku tatu akilinganisha kila namba ya kwenye faili na ya kwenye kompyuta. Uzito, urefu, tarehe. Nukta ikikosewa, nasahihishwa.

Sasa sikiliza. Shangazi yangu alimwandikisha mwanawe pale. Hajui kusoma, akaweka dole gumba. Kanuni zinataka mtu kama yeye awe na shahidi asiye wa upande wa watafiti. Shahidi wake alikuwa mfanyakazi wa mradi! Na siyo yeye tu: fomu nyingi, shahidi yuleyule. Nikamuuliza shangazi anaelewa nini. Akanijibu, "Si chanjo ya serikali hiyo?" Mkaguzi aliona dole gumba lipo, akaweka tiki, akapita. Na mimi nikanyamaza, posho ilikuwa inahitajika nyumbani. Inaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana naunga mkono ufuatiliaji unaozingatia vihatarishi. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya ziliuhimiza, na 2016 ukaingia kwenye mwongozo wa kimataifa wa ICH. Wazo lenyewe ni jepesi. Kabla jaribio halijaanza, orodhesha kinachoweza kumuumiza mshiriki au kuharibu majibu ya utafiti: ridhaa, kipimo cha dawa, taarifa za madhara. Kisha peleka nguvu huko. Data za vituo vyote zinalinganishwa makao makuu. Kituo kisichoripoti dhara hata moja, au ambacho presha za wagonjwa wote zinafanana, kinafuatwa haraka.

Sisi tunaolinda kura tunalijua hili. Mawakala wakiwa wachache, huwapeleki wakahesabu viti. Unawaweka kwenye kuhesabu na kujumlisha kura.

Wapo watakaosema ni ujanja wa wafadhili kubana matumizi. Hoja hiyo ina uzito. Orodha ya vihatarishi ikiandikwa na mfadhili peke yake, atalinda data yake kabla ya mtoto wa shangazi.

Na hili linatuhusu hasa. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto na wachanga 15,459 katika nchi 7 za Afrika, wakiwemo wa Bagamoyo na Korogwe. Mwaka 2021 WHO ikaipendekeza itumike. Watoto wetu wameisaidia dunia. Wanastahili ulinzi wa kweli.

Kwa hiyo tuwadai TMDA na NIMR mambo matatu. Moja, wawakilishi wa washiriki wawepo wakati orodha ya vihatarishi inaandikwa. Mbili, baadhi ya washiriki, wakikubali, waulizwe kwa lugha yao walielewa nini. Tatu, karani akiona kasoro awe na pa kusemea bila kupoteza kibarua.

Kama una ndugu kwenye jaribio lolote, mpigie leo. Muulize alielezwa nini siku ile anaweka dole gumba. Mimi nilichelewa kuuliza. Wewe usichelewe.