Kamera Ubongoni na Mtoto wa Tongoni

Uvumbuzi wa tiba haufai kupimwa kwa ukubwa wa mashine. Upimwe kwa swali hili: mgonjwa akisharejea kwao, atakuwa salama?

Hospitali ya watoto ya CURE ilipofunguliwa Mbale, Uganda, mwaka 2001, ilipokea vichanga wengi wenye kichwa maji, aghalabu kutokana na maambukizi ya siku za mwanzo za uhai. Tiba iliyozoeleka ilikuwa kupandikiza mrija wa kutoa maji ubongoni na kuyapeleka tumboni. Mrija huokoa maisha, lakini huweza kuziba au kuingiwa na vijidudu wakati wowote, na hapo upasuaji hauna subira. Mtoto wa Tongoni aliyewekewa mrija Muhimbili, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwao, huishi na hatari hiyo kila siku.

Dkt. Benjamin Warf, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Mbale, aliunganisha njia mbili. Akiongozwa na picha ya kamera ndogo iliyoingizwa ubongoni, alitoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia, kisha akachoma tishu inayoyazalisha. Watoto wengi wakapona bila mrija. Madaktari wa Uganda, akiwamo Dkt. John Mugamba, waliiendeleza kazi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba njia hii nayo hushindwa kwa baadhi ya watoto. Ni kweli. Lakini utafiti uliofanyika Mbale kwa vichanga 100, ukachapishwa mwaka 2017, haukuona tofauti kubwa ya maendeleo ya akili kati ya njia hizo mbili baada ya miezi 12. Matokeo yakikaribiana hivyo, umbali wa mgonjwa na hospitali uwe na uzito katika uamuzi.

Hata hivyo, kamera haiwezi kumrudishia mtoto aliyecheleweshwa kila alichopoteza, kwa kuwa ubongo uliobanwa na maji kwa muda mrefu huenda usirudi kabisa ulivyokuwa. Kwa hiyo safari ya tiba ianzie kliniki ya mama na mtoto: mzunguko wa kichwa upimwe kwa utepe kila hudhurio, na kichwa kikikua kupita kiasi, mtoto apelekwe Bombo akapigwe ultrasaundi kupitia utosi, kisha apewe rufaa bila kukawia. Vyuo vyetu vya tiba navyo vifundishe mikono mingi zaidi kuitumia kamera hiyo. Utepe ni wa bei ndogo. Kuukosa ndiko ghali.