Madini ya chuma hayamfikii mama wa Machakos

Tangu 2012, sheria ya Kenya inawalazimu wasagaji kutia madini ya chuma, zinki na vitamini katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti. Nia ilikuwa njema. Uchunguzi wa kitaifa wa 2011 ulikuwa umeonyesha kwamba wajawazito 4 hivi kati ya kila 10 nchini walikuwa na upungufu wa damu.

Lakini ni nani alaye unga huo? Kule Mwala, Yatta na Masinga, familia nyingi hutegemea mahindi ya shambani au ya kununuliwa kwa gorogoro. Hupelekwa kwenye mashine ya kijijini, nayo hurudi yakiwa unga mtupu. Mwenye mashine habanwi na sheria, kwa sababu unga wake hauingii kwenye pakiti. Muthokoi nayo, chakula kipendwacho Ukambani, hukobolewa, na sehemu ya chuma huondoka pamoja na makapi. Hivyo basi sheria imemkinga mnunuzi wa dukani, ikamwacha mkulima.

Hatari yake si ya kubahatisha. Mama anayeingia chumba cha kujifungulia akiwa na damu haba hana akiba: damu ambayo mwenzake angeipoteza na kupona yaweza kumuua.

Wizara ya Afya inaelekeza kila mjamzito ameze kila siku kidonge chenye miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki. Wengi huviacha vidonge hivyo kwa kichefuchefu, kufunga choo au hofu ya choo cheusi, hali isiyo na madhara ikiwa mtu ameelezwa mapema. Wengine huvimeza kwa chai, ilhali tanini ya majani ya chai hukishika chuma kisiingie mwilini. Maji yafaa zaidi, na chungwa au embe, matunda ambayo Machakos inayo tele msimuni, husaidia chuma kufyonzwa.

Aidha, 2017 watafiti wa KALRO, shirika lenye kituo cha Katumani papo hapo Machakos, walitoa maharagwe ya Nyota yenye chuma na zinki kwa wingi. Tangu 2013 afya na kilimo vyote viko mikononi mwa kaunti. Nini basi kinazuia kliniki ya wajawazito kugawa vidonge pamoja na kilo 2 za mbegu hiyo kabla ya mvua za Oktoba?