Mambo ya Shamba: Nyigu Wasiochoma Watu

Mtu akisikia neno nyigu hukumbuka mara moja yule mdudu mwenye kiuno chembamba ajengaye kiota chake chini ya paa la nyumba, ambaye akichokozwa humchoma mtu hata akavimba uso. Kwa sababu ya huyo mmoja, watu wengi hudhani kwamba nyigu wote ni maadui. Kumbe hao wachomao watu ni sehemu ndogo tu ya kundi kubwa mno, na wengi katika kundi hilo ni wadogo hivi kwamba mkulima hupita karibu nao kila siku asiwaone. Miongoni mwao umo ukoo mmoja uliookoa mibuni ya Kenya na mihogo ya Afrika, nao wataalamu huuita Encyrtidae.

Kupanga wadudu ni kama kupanga watu kwa kabila, ukoo na nyumba. Nyuki, sisimizi na nyigu ni wa kabila moja liitwalo Hymenoptera, maana wenye mabawa wote huwa na mabawa manne membamba kama utando. Ndani ya kabila hilo liko kundi la nyigu wadogo liitwalo Chalcidoidea, na ndani ya kundi hilo ndimo ulimo ukoo wa Encyrtidae, ambao una aina zaidi ya 4,000 zilizokwisha kupewa majina. Ukoo wenyewe umegawanyika katika nyumba mbili: Encyrtinae na Tetracneminae. Nyumba ya pili ndiyo impasayo mkulima kuijua zaidi, kwani karibu wote waliomo huishi kwa kuangamiza vidung'ata, yaani wale wadudu laini wafunikwao na unga mweupe ambao hufyonza maji ya mimea.

Nyigu hawa wengi wana urefu wa milimita 1 au 2 tu. Kiuno chao hakionekani kama cha yule nyigu wa darini, kwa maana tumbo limeungana na kifua kwa upana. Rangi zao ni nyeusi, hudhurungi au manjano, na baadhi yao hung'aa kama shaba au chuma cha buluu. Alama iliyo dhahiri ni miguu ya katikati, ambayo ina nguvu na mwiba mkubwa. Kwa miguu hiyo nyigu huruka ghafula kama kiroboto anapoguswa. Katika jamii ya Anagyrus, pembe za jike mara nyingi zina sehemu nyeusi na sehemu nyeupe, na pembe za dume zina nywele ndefu.

Wanapatikana katika kila bara lenye mimea, katika nchi za joto na za baridi, na kila aina hufuata mahali alipo mdudu amlaye. Wengi huwinda vidung'ata na magamba ya miti, lakini si wote. Jamii ya Copidosoma hutaga ndani ya yai la nondo, na yai moja la nyigu hugawanyika likatoa mabuu zaidi ya 1,000. Ixodiphagus hookeri naye hutaga mayai yake ndani ya kupe, na katika miaka ya 1990 alijaribiwa hapa Kenya juu ya kupe wa ng'ombe.

Namna yao ya kuua ni moja. Jike humpapasa kidung'ata kwa pembe zake, kisha humdunga na kutia yai ndani ya mwili wake. Buu likitoka humla mwenyeji wake kutoka ndani, hata akabaki ganda kavu la rangi ya hudhurungi. Baada ya wiki mbili au tatu nyigu mpya hutoboa ganda hilo tundu la mviringo, akatoka, akaenda kutafuta mwingine.

Faida ya kuwajua wadudu hawa kwa majina yao halisi ilionekana Kenya. Mnamo mwaka wa 1923 vidung'ata walizuka karibu na Thika, wakaenea katika mashamba ya kahawa. Wakati ule Wakikuyu wengi walikuwa wamezuiliwa kupanda kahawa, lakini hasara haikuwaepuka, kwa sababu mdudu huyo hushambulia pia mbaazi, viazi vikuu na viazi vitamu, ambavyo vilikuwa chakula cha watoto wao. Wataalamu walimdhania kuwa ni aina iliyojulikana tangu zamani katika nchi nyingine. Basi wakaagiza maadui wake kutoka nchi za mbali, na fedha nyingi zikatumika bure, kwa kuwa wadudu walioletwa hawakumtaka.

Hatimaye Bwana R. H. Le Pelley alimchunguza kidung'ata huyo kwa makini, akatambua kwamba alikuwa aina ya peke yake, naye katika mwaka wa 1935 akampa jina la kenyae. Alipokwisha kujulikana hivyo, ilionekana kwamba kwao ni Uganda, na huko hakusumbua watu sana kwa kuwa nyigu walimpunguza. Mwaka wa 1938 nyigu hao waliletwa Kenya. Aliyefanya kazi zaidi alikuwa Anagyrus kivuensis, au ndugu yake wa karibu sana, na katika miaka iliyofuata adui huyo alishindwa katika sehemu nyingi. Dawa iliyotafutwa ng'ambo ilikuwa kwa jirani.

Jambo kama hilo lilitokea tena katika mihogo. Mwaka wa 1973 kidung'ata mgeni kutoka Amerika ya Kusini alionekana katika nchi za Kongo, na njaa ikanyemelea watu wengi ambao muhogo ndio chakula chao cha kila siku. Mwaka wa 1977 alipewa jina la Phenacoccus manihoti. Waliomtafuta huko kwao kwanza walimpata mwingine afananaye naye mno, na nyigu wa huyo hawakufaa. Mwaka wa 1981 kidung'ata wa kweli alipatikana Paraguay, pamoja na nyigu aitwaye Anagyrus lopezi. Mwaka huo huo nyigu huyo alifunguliwa Nigeria, naye akaenea katika nchi zaidi ya 20 za Afrika. Bwana Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka wa 1995.

Mkulima hana darubini, wala si lazima ayakariri majina haya yote. Lakini yampasa kuangalia kabla ya kunyunyiza sumu. Akiona maganda ya hudhurungi yenye matundu katikati ya vidung'ata weupe, na ajue kwamba walinzi wamo kazini. Sumu ikimwagwa wakati huo huua nyigu upesi, hali vidung'ata wengi husalimika chini ya unga wao na katika mianya ya matawi. Na baada ya siku chache huzaana bila wa kuwazuia.

Tena na awaangalie sisimizi. Vidung'ata hutoa maji matamu kama asali, na sisimizi huyapenda sana. Kwa hiyo huwalinda vidung'ata na kuwafukuza nyigu wasitage. Zamani wakulima wa kahawa walipaka mkanda wa grisi katika shina la mbuni ili sisimizi wasipande. Kupogoa matawi yanayogusa ardhi, na kung'oa magugu yanayoegemea mti, huwafungia sisimizi njia hizo nyingine. Kazi hizo hutaka panga na subira kuliko fedha.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Waliomdharau kidung'ata walipata hasara. Na amdharauye nyigu kwa udogo wake humwua mlinzi asiyedai mshahara, kisha huenda dukani kununua kazi ile ile kwa fedha.