Baiskeli kuukuu yaweza triathloni, lakini breki kwanza

KWA watu wa Kiminini, baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba gunia la mahindi, mtungi wa maziwa na hata mgonjwa. Hivyo mwanafunzi anayerudi likizoni na baiskeli ya mbio ya mtumba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo, asishangae mzee akimuuliza itabeba nini.

Ajibu kwamba ni ya triathloni, mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote kwa mfululizo. Yaliingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40, mbio kilomita 10. Anayeshuka baiskeli amechoka mgongo na mapaja hana lake katika mbio. Ndiyo maana baiskeli hurekebishwa.

Je, msomaji, lazima ununue mpya? La. Fuata utaratibu huu.

Kwanza, kagua fremu. Ikiwa na ufa au kutu iliyokula maungio, usiichukue hata ukipewa bure.

Pili, magurudumu. Baiskeli nyingi za mbio za zamani zina rimu za inchi 27, nazo za siku hizi ni 700C. Kwa macho zinafanana, lakini mahali tairi inapokaa, ya kwanza ina kipenyo cha milimita 630 na ya pili 622. Tairi ya moja haiingii nyingine, hata fundi akisema atailazimisha. Ukihamia 700C, hakikisha raba za breki zinaweza kushuka milimita 4 ziguse rimu, wala si tairi.

Tatu, kiti. Katika triathloni mwendeshaji hukaa mbele zaidi. Ikiwa nguzo ya kiti imepinda kuelekea nyuma, mara nyingi fundi anaweza kuigeuza itazame mbele. Hapo ukiinama mapaja hayabani tumbo, na pumzi hupita vizuri. Ukisogeza kiti mbele kipandishe kidogo, kwa kuwa umekisogeza pia karibu na pedali.

Nne, vile vishikio virefu vya kulaza mikono, vinavyofungwa juu ya usukani. Pima kwanza unene wa usukani wako, kwani usukani wa zamani haulingani na kila kifungio.

Vishikio hivi si mapambo. Mwaka 1989 Mmarekani Greg LeMond aliingia siku ya mwisho ya Tour de France akiwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50. Katika kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, LeMond alilaza mikono juu ya vishikio vya namna hii, naye Fignon hakuwa navyo. LeMond alitwaa ubingwa kwa sekunde 8.

Lakini kumbuka, barabara ya LeMond ilikuwa imefungwa kwa magari. Yetu ya Kitale kwenda Webuye ina malori, matrekta ya miwa, matatu na bodaboda. Mikono iliyolala mbele iko mbali na breki, na usukani huyumba kirahisi. Penye magari, makutano, mteremko au watoto wa shule, rudisha mikono kwenye breki. Jizoeze kulala mbele mahali patupu, peke yako, wala si nyuma ya mwenzako.

Nawe mzazi, ukiombwa pesa za baiskeli hiyo, usikatae moja kwa moja, wala usitoe zote kwa mkupuo. Toa kwanza za breki, nyaya mpya, tairi na kofia ya kukinga kichwa. Kugeuza kiti ni kazi ya spana tu. Vishikio vije mwisho, baada ya kijana kukuonyesha kwamba anaweza kusimama ghafla bila kuanguka.