Majitaka: Nani Mwenye Bomba?

Kila masika yanapoingia katika Jiji la Dar es Salaam, mabishano yale yale hurudi. Chemba hufumuka barabarani, maji machafu hupita mbele ya maduka na malango ya shule, na wananchi huuliza swali moja: nani mwenye bomba hili? Mwenye nyumba humtazama mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti humtazama ofisa afya. Ofisa afya huitaja mamlaka ya maji. Na mamlaka hujibu kwamba yaliyojaa chembani ni maji ya mvua. Wakati wakubwa hao wakitupiana mpira, watoto huruka madimbwi ya kinyesi kwenda darasani.

Swali hilo si dogo, na taifa letu limekwisha kulijibu kwa gharama kubwa. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha mpango wa madaraka mikoani, na halmashauri za miji zikavunjwa. Nia ya mpango huo ilikuwa njema, yaani kuwasogezea wananchi madaraka. Lakini mijini kazi za kila siku, kama vile kuzoa taka, kuzibua mitaro na kutunza mabomba, zilikosa mwenyewe. Kipindupindu, ambacho kilionekana nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1974, kilienea kwa nguvu mwaka 1977 na 1978. Mwaka huo wa 1978 halmashauri za miji zikarudishwa kwa sheria. Fundisho lake ni wazi: kazi isiyo na mwenyewe anayejulikana haifanyiki, hata kama kila mtu anaipenda.

Hatuna budi, basi, kuelewa jinsi huduma hii inavyofanya kazi. Majitaka hayasukumwi na presha kama majisafi. Hutelemka yenyewe kwa mwinamo wa bomba, na pale ardhi inapokuwa bondeni ndipo hutumika pampu. Kwa sababu hiyo kitambaa kimoja, mafuta ya jikoni yaliyoganda au mchanga wa mvua hutosha kusimamisha mwendo wote. Majitaka yakisimama huoza na kutoa hewa yenye sumu. Hewa hiyo hugeuka kuwa asidi inayokula paa la bomba la saruji kutoka ndani, na ikimkuta mfanyakazi ndani ya chemba bila kinga huweza kumwua kwa dakika chache.

Katikati ya Jiji mabomba humwaga majitaka baharini. Sehemu nyingine, kama Vingunguti, Kurasini na Mikocheni, yalichimbwa mabwawa ya kuyasafisha. Bwawa la kwanza huwa na kina kirefu. Humo tope hutuama na vijidudu huzila taka bila kuhitaji hewa. Katika bwawa la pili mimea midogo ya kijani hutumia mwanga wa jua kutoa oksijeni. Bwawa la mwisho ni la kina kifupi, na jua huua vijidudu vya maradhi. Mtambo huu hauhitaji umeme wala vipuri kutoka ng'ambo. Ni teknolojia inayoifaa nchi ya jua kali kama yetu. Lakini una sharti moja: tope lazima liondolewe baada ya kila miaka kadhaa. Lisipoondolewa, bwawa hujaa, maji hupita upesi kabla hayajasafishwa, na uchafu huingia mtoni. Wakazi wa kando ya Mto Msimbazi hawahitaji mtaalamu wa kuwaeleza jambo hilo.

Sasa turudi kwenye mwenye bomba. Mwaka 1997 kazi ya majisafi na ile ya majitaka ziliunganishwa chini ya DAWASA. Mwaka 2003 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni binafsi ya City Water, na mwaka 2005 Serikali ikauvunja mkataba huo, ikaunda DAWASCO. Mwaka 2018 mashirika hayo mawili yakawa kitu kimoja, na tangu hapo hakuna tena kisingizio cha kusema kwamba huyu ni mwenye mali na yule ni mwendeshaji. Kanuni ni nyepesi. Bomba lililo ndani ya kiwanja, hadi chemba ya kuungia, ni la mwenye nyumba. Kuanzia hapo ni mali ya umma chini ya mamlaka. Mitaro ya mvua ni ya wenye barabara, yaani TANROADS kwa barabara kuu na, tangu mwaka 2017, TARURA kwa barabara za mitaa. Mtu anayeelekeza maji ya paa lake kwenye bomba la majitaka, anayejenga juu ya bomba hilo au anayenunua mfuniko wa chemba kama chuma chakavu anahujumu mali ya wananchi.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni fedha. Ni kweli, lakini tuulize fedha hizo zinakwama wapi. Mamlaka za maji zimelalamika mara nyingi juu ya ankara zisizolipwa na taasisi za Serikali yenyewe. Ofisa anayesaini bajeti hulipa posho za semina kwanza, akaacha ankara ya majitaka mwaka mzima, kisha hushangaa chemba ya ofisi yake inapofumuka. Aidha, tumezoea kushangilia uzinduzi wa mradi mpya, lakini hakuna anayekata utepe kwa sababu bomba la zamani limezibuliwa kwa wakati. Fungu la matengenezo ndilo hukatwa kwanza.

Lipo pia suala la haki, ambalo Chama cha wakulima na wafanyakazi hakiwezi kulifumbia macho. Kwa miaka mingi watu waliounganishwa na mabomba ya majitaka Dar es Salaam hawakufikia hata mmoja kati ya kumi, na wengi wao ni wakazi wa maeneo yaliyopendelewa tangu ukoloni. Mkazi wa Manzese au Tandale hutumia shimo. Likijaa, hulipia gari la kunyonya majitaka kwa mkupuo mmoja, kama gari linaweza kupenya vichochoro. Asiye na fedha hungoja mvua ili atapishe choo, na majirani wa bondeni hupokea. Haiwezi kuwa ujamaa kwa mwenye bomba kusita kulipa ada yake ilhali asiye nalo anabeba gharama kubwa zaidi.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na vyoo vikachimbwa nchi nzima. Walimu na watumishi walikuwa mstari wa mbele. Moyo ule unahitajika leo mijini. Mwalimu afundishe watoto mahali bomba la shule linapokwenda, si jina la ugonjwa tu. Mkuu wa kila ofisi awe na ramani ya mabomba na makaro ya majengo yake, na alipe ankara kwa wakati. Mamlaka nazo zitangaze ratiba ya kuondoa tope mabwawani, ili madiwani na wananchi waifuatilie.

Juu ya yote, tumheshimu ndugu yetu anayeshuka ndani ya chemba. Apewe kamba, glavu, kipimo cha hewa na mwenzake wa kumwangalia akiwa chini. Taifa linaloona haya kumtazama mfanyakazi huyo litakuwa linasubiri kukumbushwa tena na kipindupindu, kama lilivyokumbushwa mwaka 1978, na kama lilivyokumbushwa tena mwaka 2015.