Jarida la mishono: tuendelee kulipia au tuache?



Wiki iliyopita ndugu yetu aliyeolewa Ujerumani alitutumia ujumbe wa sauti. Kila mwaka ujumbe wake ni huo huo: muda wa jarida lenu unakaribia kwisha, niendelee kulipia au niache? Miaka mitano jibu letu lilikuwa moja. Endelea, dada, pesa tunakutumia. Safari hii tulinyamaza siku tatu. Tuko wanawake watatu kwenye duka letu la ushoni, na kwa mara ya kwanza wawili walisema tuache.

Jarida lenyewe ni Burda. Ambaye mama yake alikuwa na cherehani huenda analikumbuka, maana matoleo ya zamani yaliingia Unguja kwenye masanduku ya jamaa waliotoka Muscat na Dubai, yakapita nyumba hadi nyumba mpaka gamba likadondoka. Ukilifungua unakuta picha za wanawake wa Kizungu waliovaa. Hizo si kitu. Kitu kipo kwenye karatasi kubwa zilizokunjwa, zimejaa mistari ya rangi iliyopandana, vichochoro vingi kuliko Mji Mkongwe. Unachagua rangi ya gauni lako, unafuata mstari wa saizi yako, unaunakili kwenye karatasi nyingine, unakata. Hiyo ndiyo paterni. Mwanzo utalia. Sisi tulilia.

Sasa sababu za waliotaka tuache, na tutazisema kwa haki kwa sababu mmoja wao ndiye anayeshika daftari la hesabu. Pesa ya mwaka, ukiongeza na zawadi ya msafiri anayetubebea mzigo, inakaribia kodi ya duka ya mwezi mmoja. Toleo linafika miezi miwili au mitatu baada ya kutoka. Mitindo inajirudia, sketi ya mwaka huu ni sketi ya miaka minne nyuma iliyobadilishwa mfuko. Halafu ile sababu kubwa ambayo kila mtu anayo mdomoni siku hizi: kila kitu kipo bure kwenye simu. Kuna makundi ya WhatsApp ya mafundi ambamo paterni zinamiminika usiku kucha kama mvua ya masika. Kwa nini ulipe?

Hapo ndipo tunapotaka kugombana na watu leo.

Mwaka juzi alikuja binti mmoja kushona gauni la nikaha. Satini nyeupe, juu lesi, mikono mirefu, nyuma zipu. Alileta picha kwenye simu, na siku hiyo hiyo tukapata kwenye kundi paterni inayofanana na picha kama pacha. Bure. Tulifurahi mno. Tukaipeleka kwa mwenye mashine ya kuchapa, tukaunganisha kurasa kwa gundi, tukakata kitambaa cha mteja. Harusi ilikuwa Ijumaa, sisi tunakata Jumapili, kwa hiyo hatukujaribu kwanza kwenye marekani. Hilo ni kosa letu na hatumtupii mtu.

Tatizo ni kwamba faili lile lilikuwa na vipande tu. Ukurasa wa maelezo haukuwamo, aliyeurusha hakuona haja ya kuupiga picha. Na paterni, dada zetu, hazifanani. Zile za Kimarekani zinazouzwa kwenye bahasha huwa na nafasi ya mshono ndani yake, sentimita moja na nusu imeshahesabiwa. Burda haina. Lazima uiongeze mwenyewe pembeni ya kila kipande, na maelezo yake yanasema hivyo waziwazi. Hii ya kundini hatukujua ni ya nani. Mwenzetu aliyekata alidhani nafasi imo. Haikuwamo. Gauni lilikuwa na mishono mitatu ya wima, miwili ya ubavuni na mmoja wa mgongoni. Kila mshono unakula sentimita moja na nusu upande huu na moja na nusu upande ule. Piga hesabu: tatu mara tatu, sentimita tisa. Jumatano jioni bi harusi anavalishwa mbele ya mama yake na zipu haikaribiani na mwenziwe hata kwa kuvuta pumzi.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama mtu alikaa kwenye kiti, akashika mkoba wake mapajani, akatuangalia. Bora angetutukana.

Tulikesha usiku ule na usiku uliofuata. Tukafumua mgongo, tukatia kipande cha satini katikati, tukaweka vitanzi na kamba za kufungia, shela ikafunika. Picha zilitoka nzuri na wageni hawakujua. Sisi tulijua, na bi harusi alijua. Ujira wote tukarudisha. Ujira huo ulikuwa mkubwa kuliko malipo ya jarida ya mwaka mzima. Hii ndiyo bei ya ile paterni ya bure, na kwenye daftari haimo kwa sababu daftari halina safu ya aibu.

Tunajua mtasema: basi mngejifunza kuuliza, mkaendelea kuchukua vya bure. Hapana. Kwanza, ile paterni ina mwenyewe. Mtu alikaa na futi na rula akaichora, akaipanua kwa saizi sita, akashona mfano, akamvalisha mtu, akarekebisha bega. Kuna aliyenunua jarida lake, akalipiga picha, akarusha kundini, na sisi tukasema ahsante Mungu akubariki. Tubarikiwe kwa nini? Mtu akipiga picha gauni letu dukani na kulishona kwa nusu bei, tunamwita mwizi mchana kweupe. Wateja wetu wanajua tunavyolalamika. Basi tuwe wakweli, haki ya fundi wa mbali ni haki vilevile, hata kama hatumjui jina wala dini.

Na tunaye mmoja tunayemjua jina. Jarida hili lilianzishwa na mwanamke, Aenne Burda, wa mji wa Offenburg, kusini magharibi mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mchochea moto kwenye garimoshi. Mwaka 1949, akiwa na miaka 40 na watoto watatu wa kiume, aligundua kwamba mumewe, mwenye kampuni ya uchapaji, alikuwa amemfungulia hawara wake biashara ya jarida la mitindo. Wengine wangevunja vyombo. Yeye aliichukua ile biashara pamoja na madeni yake. Toleo la kwanza likatoka Januari 1950, na mwaka 1952 akaanza kutia zile karatasi za paterni ndani. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, wanawake wa Kijerumani walikuwa wanageuza mapazia na makoti ya zamani kuwa nguo za watoto. Nguo ya dukani hawakuiweza, lakini jarida na cherehani waliviweza. Mwaka 1987 jarida likaanza kutoka kwa Kirusi katika Muungano wa Kisovieti, ambako wanawake walikuwa na shida ile ile ya maduka matupu. Bibi huyo alifariki 2005 na miaka 96. Hatumfanyi walii. Tunasema tu kwamba biashara ile ilijengwa juu ya kumpa mwanamke wa kawaida kipimo, na kipimo ndicho tunacholipia.

Tena angalieni yaliyowapata walioacha. Marekani lilikuwapo jarida la McCall's, lilianza 1873 kwa ajili ya kutangaza paterni za fundi mmoja wa Kiskoti aliyehamia huko. Likakua, likawa la hadithi na mambo ya nyumbani, na mwishowe 2001 likapewa jina la mtangazaji wa televisheni. Mwaka uliofuata halikuwapo tena. Picha za watu mashuhuri kila mtu anazo.

Kuna dada zetu wengine pingamizi lao si pesa. Wanasema picha za humo hazina stara: mgongo wazi, mikono hamna, mpasuo hadi pajani. Kweli, na gamba la mbele sisi huligeuza chini dukani ili wazee wakiingia wasikwazike. Lakini hebu tufikiri pamoja. Ukiwa na picha tu ya gauni lisilo na mikono, utashona lisilo na mikono au utapachika mikono kama kiraka. Ukiwa na paterni yake, unapima duara la kwapa, unachukua mkono wa gauni jingine la jarida hilo hilo, unapima kichwa cha mkono kwa futi, unahakikisha kinazidi kwapa kwa sentimita mbili au tatu ili bega lisivute, unaunganisha. Shingo unaipandisha juu sentimita saba kwenye karatasi kabla hujagusa kitambaa. Mpasuo unauziba kwa kuchora mstari mmoja. Nusu ya magauni ya nikaha tuliyoshona mwaka huu yalianzia kwenye gauni ambalo hakuna mama wa Kizanzibari angelipitisha mlangoni. Stara imo kwenye mkasi wa anayekata.

Jarida lina kasoro zake na hatutazificha. Linampima mwanamke wa urefu wa sentimita 168, na wateja wetu wengi hawafiki huko, kwa hiyo kila gauni tunalipunguza kiuno kwanza, kisha pindo. Ukipunguza pindo peke yake, kiuno kinakaa kwenye nyonga na bi harusi anaonekana kama amevaa la dada yake. Maelezo ni mafupi kama telegramu. Lakini saizi kubwa zimo, hadi 52, na kwa hilo tunawasamehe mengi. Wanawake wenye miili tunao, mashallah, na vifaili vya kundini vingi vinaishia saizi ya msichana wa skuli.

Wapo na wazee wetu wa kazi wanaocheka: fundi hodari hahitaji karatasi, anakata kwa jicho. Tunawaheshimu, na mmoja wao ndiye aliyetupokea tulipotoka kwenye kozi ya ushoni na vyeti vyetu vipya ambavyo havikujua hata kukata kola. Alikuwa anamtazama mtu akiingia mlangoni na kitambaa kimeshakatika kichwani mwake. Alipofariki, tulifungua kabati lake kutafuta alichoacha. Tukakuta chaki, mkasi na daftari la madeni. Ule mkato wake wa baibui la bega, ambao watu walikuwa wanaufuata kutoka Pemba, hatujaupata hadi leo, na tumeujaribu mara nyingi. Jicho halirithiwi, na ndiyo maana wasichana wawili tunaowafundisha sasa, kila wakikata kitu kikakaa vizuri, tunawaambia wakichore kwenye karatasi, waandike vipimo na tarehe, waweke kwenye bahasha. Desturi hiyo tuliitoa kwenye jarida, hatukuitoa kwenye simu.

Na wewe bi harusi mtarajiwa, kwa kuwa hili linakuhusu kuliko unavyodhani. Ukija na picha ya simu tunaipokea kwa furaha, inatuonyesha unapenda nini. Lakini picha haina mgongo wala kipimo, na mara nyingi ile nguo imebanwa kwa pini nyuma ili ikae hivyo mbele ya kamera. Ukisema "si mnaiona tu hapa, mbona ghali," unachotuambia ni kwamba kazi ya kupima na kuchora si kazi. Njoo miezi miwili kabla, si wiki mbili. Kubali tukujaribishe kwanza nguo ya marekani, hata kama unaona tunakupotezea muda. Sisi tumeshamwona mama aliyeshika mkoba mapajani, hatutaki kumwona wa pili.

Jana tumemjibu ndugu yetu: endelea. Kura zilikuwa tatu kwa sifuri, ingawa mshika daftari alitoa masharti yake na tumeyakubali. Jarida jingine, lile la picha za harusi tulilokuwa tunanunua kwa kufurahisha wateja, tumelikata. Hili la paterni tunachangia na duka la jirani, wao nusu, sisi nusu, karatasi zinakaa kwetu na wao wanakuja kunakili Jumanne. Makundi ya kurushiana mafaili tumetoka, na tuliyokuwa nayo kwenye simu tumeyafuta, isipokuwa lile moja la gauni la satini. Hilo tumelichapa tukalibandika ukutani juu ya meza ya kukatia, na pembeni yake yule aliyelikata ameandika kwa kalamu nyekundu: sentimita tisa.