Nguo za mtoto aendaye Ruwenzori

Shule ikitaka kuwavusha wanafunzi wake mpaka wa Uganda ili wapande milima ya Ruwenzori, baba huuliza habari za karatasi za njia, na mama huuliza habari za chakula. Karatasi ni lazima, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Lakini leo tuzungumze juu ya nguo.

Wengi hufikiri kwamba mlima ulio karibu na ikweta hauwezi kuwa na baridi kali. Sivyo. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Nyumba ya kwanza ya kulala katika njia itokayo Nyakalengija, ile ya Nyabitaba, iko kwenye mita 2,651. Kilele cha Margherita, chenye barafu, kiko kwenye mita 5,109. Tena mvua hunyesha hata katika miezi iitwayo ya kiangazi, na huko juu mna mabwawa ya matope ambayo mtu huzama mpaka magotini.

Basi adui ni baridi iliyoshikana na maji. Shati la pamba na suruali ya jinzi, ambazo vijana huzipenda mno, hunywa maji, hazikauki upesi, na hunyonya joto la mwili. Sufu hubakiza joto kiasi hata ikilowa. Kwa hiyo sweta kuukuu la sufu, lililonunuliwa sokoni kwa bei ndogo, lina faida kuliko koti jipya la pamba. Juu yake avae koti la mvua. Miguuni soksi nene na buti za mpira, nazo azizoee nyumbani kwanza, zisije zikamchubua.

Nguo kavu za kulalia zifungwe ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko huo utiwe ndani ya mwingine, maana wa kwanza hutoboka. Zisivaliwe njiani kamwe. Asubuhi mtoto atachukia kuvaa tena zile zilizolowa. Hata hivyo na azivae, ama sivyo jioni hatakuwa na kitu kikavu.

Tena mwambieni asione haya kusema kwamba ana baridi. Kijana wa miaka 16 aliye kati ya wenzake hunyamaza, na hapo ndipo penye hatari. Joto la mwili, ambalo ni kama digrii 37, likishuka chini ya 35, mtu hutetemeka, hujikwaa, hushindwa kufunga vifungo, na maneno yake huwa mazito. Wenzake humdhania mvivu! Akiacha kutetemeka naye hajapata moto, msidhani amepona: amezidiwa. Wamkinge na upepo, wamvue nguo zilizolowa, wamfunike vizuri, na kama ana fahamu na aweza kumeza, wampe chai ya moto yenye sukari. Pombe hapana, kwani huivuta damu kwenye ngozi, na joto likapotea. Wala wasimsugue mikono na miguu.

Kabla ya kutia sahihi, mwulizeni mwalimu maswali mawili: Ni mtu mzima gani atakayetembea nyuma ya wote? Na mtoto mmoja akishindwa, nani atateremka naye? Kama hana jibu, msitie sahihi kwanza.